Keria ya Mitumbwi, Njia ya Bunda

Makoko, Musoma
Jumapili jioni

Mwanangu Nyangeta,

Nakuandikia na bado nakusikia uani. Unabishana na mama yako juu ya dagaa. Yeye anataka ubebe mfuko mzima, wewe unasema huko uendako ni ziwa hilihili, dagaa wapo. Utabeba tu, nakuambia mapema usipoteze nguvu. Mambo ya dagaa, ya chandarua, ya kuwaamkia wakubwa wa zahanati uliyopangiwa kazi kabla hujaomba chochote, hayo mama yako ameyamaliza na mimi siongezi neno.

Mimi nina deni la swali moja. Juzi tukiwa tunakula uliniuliza, "Baba, wa zahanati wameniambia nikipita Mwanza nichague mwenyewe keria ya gari, ya kubebea ile mitumbwi yao miwili ya kuvushia wagonjwa. Nichukue ya namna gani?" Nikakujibu kwamba nitafikiri. Ukaniangalia kama mtu aliyemwuliza padri kanisa liko wapi, padri akasema atafikiri. Mtu aliyebeba mitumbwi juu ya paa tangu hujazaliwa, anafikiri nini?

Nilikuwa nafikiri nianzie wapi, kwa sababu jibu lenyewe ni fupi lakini njia yake ni ndefu. Na njia hiyo wewe umo, ingawa hukumbuki.

Unajua mimi si mtu wa maji. Kwetu ni Butiama, kwenye mawe na ng'ombe. Ziwa nilikuwaga naliona kwa mbali tu, kama bati linalong'aa. Mama yako ndiye wa Bukima, aliyejua kupiga kasia kabla ya kujua kusoma. Nilipomwoa nilikuwa dereva wa malori ya pamba. Halafu ikaja ile hali uliyosimuliwa: sabuni hakuna, sukari hakuna, dizeli kwa kibali, gari likiharibika linasimama hapohapo mpaka majani yanaota ndani. Malori yetu yakafa moja moja, na sisi madereva tukaambiwa tukapumzike. Katika vyuma vilivyouzwa mnadani palikuwa na landrova isiyokuwa na injini ya kusema ni injini. Niliichukua. Sitakusimulia nilivyoifufua, maana mama yako akisikia habari ya ile injini mpaka leo anaondoka chumbani.

Mjomba wako Masatu, kaka yake mama yako, alikuwa akitengeneza mitumbwi midogo ya mbao hapahapa Makoko, myembamba, ya watu wawili watatu. Wateja wake wengi walikuwa upande wa pili, ziwani kule chini ya Bunda. Kwa maji ni kuizunguka rasi ya Majita yote, na upepo ukichafuka unalala njiani. Kwa barabara ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi. Basi Masatu akasema, "Shemeji, wewe una gari lenye paa. Mimi nina vyombo. Tunangoja nini?"

Keria yangu ya kwanza ilikuwa miti miwili ya mkaratusi, nimeilaza kukingama juu ya paa na kuifunga kwa mipira ya tyubu iliyochanwa. Mtumbwi nikauweka kama unavyokaa majini, mdomo juu. Niliona ndiyo heshima yake. Tulipofika njia panda ya Butiama mvua ikatukuta, mvua ile ya kwetu isiyosema karibu. Nikaendelea. Gari likaanza kuwa zito, likipinda kona linayumba kama mtu aliyelewa. Nikadhani ni springi. Nikasimama, nikapanda juu kuangalia, nikakuta mtumbwi umejaa maji mpaka ukingoni. Mti mmoja wa keria ulikuwa umeshaanza kupasuka.

Masatu akauliza kutoka dirishani, "Kuna nini huko juu?"

"Maji."

Akachungulia juu. "Shemeji, nimetengeneza vyombo vingi vya kukaa juu ya maji. Hiki ndicho cha kwanza kubeba ziwa lake chenyewe."

Tuliyachota kwa kopo la chai. Tangu siku ile mtumbwi nalaza kifudifudi, tumbo juu, na wewe ulaze hivyo.

Kosa la pili halikuchekesha, ingawa lingeweza. Nilipata kamba ya katani, mpya, nikaitupa ile mipira. Tukafunga mtumbwi asubuhi yenye manyunyu, kamba imelowa, nikaivuta mpaka ikalia. Nilijisifu. Sasa katani ikilowa inakaza, na ikikauka inalegea. Hilo kila mtu wa ziwani analijua, na Masatu angeniambia, lakini siku hiyo hakuwepo. Jua likatoka. Nilipokaribia Bunda kamba imekauka, mimi sina habari, nakanyaga mafuta. Lori likaja mbele yangu kwa kasi, upepo wake ukaingia chini ya pua ya mtumbwi, na mbele sikuwa nimefunga kitu. Nikasikia paa limekuwa jepesi. Kwenye kioo cha pembeni nikauona mtumbwi unakwenda angani, umetulia kabisa, kama ndege anayejua anakokwenda. Ukatua katika shamba la pamba.

Katika shamba lile alikuwamo mama mmoja akipalilia. Nikashuka mbio. Mtumbwi ulikuwa umelala matuta machache tu kutoka aliposimama. Yeye ameegemea jembe, anautazama.

"Mama, shikamoo. Umeumia?"

Hakuitikia shikamoo. Akasema, "Hiki ni chako?"

"Ni changu, mama. Nisamehe."

"Mimi nilikuwa nimeinama," akasema. "Ningesimama kunyoosha mgongo, kingenikuta." Kisha akanyoosha mgongo, taratibu, kama anayejaribu kuona ingekuwaje. "Kanyanyue pamba yangu uliyolaza. Halafu uende."

Nilinyanyua mche mmoja mmoja, nikiuegemeza na udongo. Alinisimamia mpaka mwisho. Hakunitukana hata neno, na mpaka leo ningependa angenitukana.

Hofu ya siku ile ndiyo iliyonipeleka kwa Fundi Shabani pale mtaa wa Mukendo, mjini. Unamkumbuka Mzee Shabani, yule wa kofia na ndevu nyeupe, aliyekutengenezea baiskeli ya kwanza. Wakati huo ndevu zilikuwa nyeusi. Vijiti vya kuchomelea havikupatikana mjini, kwa hiyo akanifungia keria kwa bolti: mabomba mawili ya kitanda cha zamani, na miguu inayoshika ukingo wa paa. Kazi safi. Lakini mimi sikuishia hapo. Nikamwambia nataka mbao mbili ngumu zipite juu ya tumbo la mtumbwi, na kila ncha ya ubao ishuke bolti ndefu mpaka kwenye bomba, tukaze kwa spana.

Shabani akaweka nyundo chini. "Keria ifunge kwa bolti, sawa, yenyewe haishuki. Mtumbwi wenyewe ufunge kwa kamba."

"Kamba imeshanionyesha, fundi."

"Kamba haikukosea. Uliifunga mbichi, na pua ukaiacha wazi."

"Nataka kitu kisichotoka."

"Kitu kisichotoka kabisa," akasema, "hicho hujakibeba, umekizika."

Nilimjibu kwamba anayelipa ndiye anayechagua. Akanitengenezea nilivyotaka. Nati zilikuwa za kuokoteza, zimeliwa pembe, lakini zilishika. Nilipita Bunda na upepo wake wote, mtumbwi haukutikisika. Nilifurahi miezi mingi. Nati zikapata kutu, nikafurahi zaidi, maana kutu nayo inashika.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Wewe ulikuwa hujaanza hata kukaa. Mama yako alitaka kwenda kumsalimu shangazi yake, anayekaa karibu na mteja wetu, basi tukaenda sote watatu, na mtumbwi juu. Bunda tulifika mchana, tukaiacha lami, tukashika njia ya vumbi inayoteremkia ziwani. Kwetu hakukuwa na tone la mvua. Lakini ilikuwa imenyesha huko juu mbugani, na tulipofika kwenye lile korongo ambalo siku zote tunavuka tairi likiwa kavu, tulikuta mto. Maji ya kahawia, yanabeba matawi, yanatoa sauti ya gari la mizigo linalopanda mlima.

Ng'ambo walikuwepo watu. Mwanaume mwenye baiskeli, bibi mmoja, na mwanamke amelazwa juu ya khanga chini ya mgunga. Mwanaume alipoona gari akaanza kupunga shati lake na kupiga kelele. Mimi sikusikia kitu kwa sababu ya maji, na alikuwa akisema Kijita. Mama yako akasikia.

"Mke wake anajifungua," akasema. "Mtoto amekaa vibaya. Walikuwa wanamwahisha hospitali Bunda."

Kisha akatazama juu ya gari. "Ushushe mtumbwi."

Nilipanda na spana. Nati ya kwanza ikakubali. Ya pili ikawa inazunguka pamoja na bolti yake, hata ukikesha nayo. Ya tatu spana ikateleza, ikanichuna vidole, na pembe zilizobaki zikaisha kabisa, ikawa duara kama kifungo. Nikajaribu kwa koleo. Nikajaribu kwa jiwe. Ng'ambo yule mwanaume alikuwa ameacha kupiga kelele. Alikuwa ameketi, anatazama tu kinachofanyika juu ya gari letu, na kule kutazama kulikuwa kubaya kuliko kelele.

Mama yako akaniletea shoka la kuni kutoka nyuma ya gari. Nilikatakata zile mbao, nikiogopa kila pigo lisije likatoboa mtumbwi. Mbao zilikuwa ngumu, nilizichagua mwenyewe. Sijui nilitumia muda gani. Najua tu kwamba kwa kamba ningetumia muda wa kuvuta pumzi.

Tulipoushusha nikashika kasia. Mama yako akalitazama kasia mkononi mwangu.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kuwavusha."

"Kwa kujua nini? Hata kwenye ziwa lililolala unazunguka palepale."

"Rebeka, maji yanakwenda kasi haya."

"Nayaona." Akajifunga khanga kiunoni, akakufungua mgongoni. "Mshike mtoto."

Nikakushika. Ningefanya nini?

Aliuvuta mtumbwi ukingoni kuelekea juu, mbali, mpaka nikadhani amebadili mawazo. Kumbe alikuwa anajua maji yatamshusha. Akaingia, akaelekeza pua juu, akawa anapiga kasia kama anakwenda kule maji yanakotoka, na maji yakawa yanamsukuma ubavuni kwenda ng'ambo. Katikati lilikuja gogo. Mtumbwi ukazungushwa mzima, nikauona mgongo wa mama yako, halafu sikumwona kwa sababu ya vichaka. Wewe ulikuwa unalia. Kisha nikamwona chini kabisa, ng'ambo, ameshikilia mzizi, anauvuta mtumbwi nchi kavu.

Kurudi walirudi watatu, bibi akabaki na baiskeli; yule mwanaume mbele na kasia la pili alilokwenda nalo mama yako, naye alikuwa mtu wa maji. Mwanamke amelala katikati, macho amefumba. Tukampakia. Niliendesha mpaka Bunda sijui kama nilibadilisha gia. Alijifungua mtoto wa kiume, wote wazima. Wakati tunangoja pale nje muuguzi alitoka, akamwambia yule baba, "Mngechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine." Hakuwa ananiambia mimi. Alifuta mikono akaingia ndani. Lakini mimi ndiye niliyezijua zile nati.

Uliposema unataka kusomea uuguzi, mama yako alifurahi kwa sababu zake. Mimi nilimkumbuka yule muuguzi. Sikukuambia, maana ningelazimika kusimulia yote haya.

Nilirudi kwa Shabani na keria yenye alama za shoka. Akazipapasa kwa kidole. Nikangoja aseme. Akasema, "Wamepona?" Nikasema wamepona. Akasema, "Alhamdulillahi. Lete mabomba hapa tuanze."

Alichotengeneza ndicho unachokijua: mabomba mazito, miguu yake imekazwa kwa bolti kwenye ukingo wa paa, na juu ya bomba vipande vya tairi vilivyokatwa kama kiti, tumbo la mtumbwi likae bila kuchubuka. Mtumbwi kwa kamba, kila bomba na kamba yake. Kamba nyingine kutoka puani mpaka kwenye bampa la mbele, nyingine kutoka mkiani mpaka la nyuma. Fundo ni lile la kuvuta ncha moja likaachia lote, ambalo ulilijua ungali mdogo. Hicho chuma kimetembea mpaka landrova ikafa mara ya pili, kikahamia kwenye gari lingine.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa, na vitu vya nje vikaanza kushuka Musoma hata tusivyovijua majina. Nikaona keria pale Mukendo, ya mtumba, inang'aa, nyepesi kama fimbo, na inafungwa kwa ufunguo. Nikasema ndiyo hii sasa, nimehangaika vya kutosha na vitanda vya watu. Niliipenda kweli. Ikatembea vizuri kwenye lami. Kwenye njia za vumbi ikaanza kutetemeka, mipira yake ikaliwa na jua, na siku moja ule ufunguo mdogo ukavunjikia ndani. Fundi akaniuliza ufunguo wa pili uko wapi. Nadhani uko Ulaya. Ndiyo ile mama yako anayoanikia udaga, mihogo yake ya unga, nyuma ya jiko. Kwa udaga haina mfano.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Pale Mwanza watakuonyesha ya kung'aa kwanza. Usiidharau, huenda za siku hizi ni nzuri kuliko yangu. Ila mwulize muuzaji, ikivunjika huko ninakokwenda, fundi wa kijijini ataitengeneza kwa nini? Na mwulize mtumbwi unatokaje, si unafungwaje tu. Akianza kukupa maneno mengi, tafuta mchomeleaji, umwambie akuchomelee mabomba. Yawe mapana yatoshe mitumbwi miwili ubavu kwa ubavu. Usiipandishe mmoja juu ya mwingine, gari litakuwa refu na upepo utalitafuta. Na kila mtumbwi ufunge kwa kamba zake peke yake, ili siku ukihitaji mmoja usilazimike kuufungua na mwingine. Ukishatembea kidogo, simama, shuka, shika kamba kwa mkono. Kamba mpya husemaga uongo mwanzoni.

Na lile fundo mfundishe kila mtu pale zahanati, hata mlinzi, hata mpishi. Siku ya haja huenda wewe utakuwa nyuma ya gari na mgonjwa mikononi, na wa kupanda juu awe mwingine.

Nilitaka kuishia hapa. Lakini mama yako ameingia kuchukua kisu, akauliza naandika nini kirefu hivi. Nikamwambia habari za keria. Akacheka. Nikamsomea kipande cha korongo, apime kama nimesema kweli. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeacha."

"Nimeacha nini?"

"Ulivyokuwa wewe."

Nikamwambia mimi nilikuwa nimesimama ukingoni na mtoto, hakuna cha kusimulia.

"Hukusimama ukingoni," akasema. "Lile gogo liliponigeuza nilitazama nyuma. Ulikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, na mtoto umemweka juu ya kichwa, umemshika kwa mikono miwili. Hujui kuogelea. Nikasema moyoni, huyu mjinga akipiga hatua moja tena nawapoteza wote wawili. Ndiyo maana nilipiga kasia vile."

Nyangeta, mimi sikumbuki maji. Nakumbuka unalia, nakumbuka vichaka, nakumbuka nimesimama. Nikamwuliza miaka yote hii kwa nini hakuniambia.

Akasema, "Nilidhani unajua," akachukua kisu chake akatoka.

Sina la kukufundisha juu ya hilo, nimekuandikia tu kwa kuwa ni lako pia.

Kesho utafunga mizigo yako mwenyewe, na mimi sitaipitia nyuma yako kujaribu mafundo. Ukiona mkono wangu unakwenda kwenye kamba, niambie, "Baba, acha." Nitaacha.

Sasa naona mfuko wa dagaa umeshaingia garini. Nilikuambia.

Baba yako,
Mafuru